Vigae vya ramani: tukubaliane vipimo kabla ya picha

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi ya sentimita 15 kwa 15 kwenye ukurasa wenu wa watoto na vijana, mara moja kwa wiki, ya kuchapa kigae cha ramani. Ni kipande cha mraba chenye chumba, pango, njia ya msituni au kivuko cha mto, cha kukatwa na kuunganishwa na wenzake hadi kipatikane kiwanja cha mchezo wa kuigiza wa mezani. Fumbo la maneno mtoto hulimaliza kabla chai haijapoa, gazeti likaenda kufungia chapati. Kigae huwekwa, kwa kuwa cha wiki hii kinasubiri cha wiki ijayo.

Ombi lina sharti, na sharti ndilo limeirefusha barua hii. Vipimo viamuliwe kabla ya kigae cha kwanza kupelekwa mtamboni, na visiguswe tena. Picha inaweza kuwa mbaya wiki moja na nzuri wiki nyingine, wala hakuna atakayelalamika sana. Mlango wa chumba ukisogea milimita 10 tu, kigae hicho hakiungani na chochote kilichotangulia, na mtoto aliyekuwa akikusanya ataacha.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne au watano huketi mezani, kila mmoja ana mhusika wake, isipokuwa mmoja ambaye ni msimulizi. Msimulizi hueleza walipo na wanachokiona, wachezaji husema wanalofanya, na dadu huamua pale jambo linapoweza kwenda huku au kule. Umbo hili la mchezo lilianzia Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Ramani si lazima mpaka ugomvi uanze. Ukianza, kila mtu hutaka kujua nani kasimama wapi na nani anaweza kumfikia nani. Ndipo miraba inapohitajika. Kwa desturi ya mchezo huo mraba wa inchi 1 mezani ni futi 5, takriban mita moja na nusu. Wazo la kuikata ramani vipande vinavyopangwa upya si geni hata kidogo: kampuni ya TSR, iliyouchapa mchezo huo, iliuza karatasi za namna hiyo, Dungeon Geomorphs, mwaka 1976, na Wizards of the Coast, kampuni iliyourithi, ikaanza kuuza vigae vya kadibodi mwaka 2006. Wanaocheza Catan, mchezo mwingine wa mezani, wanalijua jambo hili kwa sura nyingine, maana kisiwa chake ni vipande 19 vya pembesita vinavyotandazwa upya kila mara.

Na kwa nini gazeti la Kiswahili? Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mchezo huu humfanya kijana aulize njia, amshawishi mlinzi wa lango, apatane bei ya mtumbwi na abishane na wenzake kwa saa mbili mfululizo. Mazoezi ya sarufi hayafikii hapo.

Sasa vipimo. Mraba mmoja uwe milimita 25. Inchi kamili ni milimita 25.4, na hiyo 0.4 haionekani kwenye mraba mmoja, ila kwenye miraba 10 imeshakuwa milimita 4 na mistari ya vigae viwili vilivyo jirani haikutani tena. Kwa hiyo vigae vya inchi na vya milimita visichanganywe katika ramani moja. Sisi tunachagua 25 kwa sababu rula za shule ni za sentimita, na kwa sababu ya karatasi ya A4, tutakayoifikia muda si mrefu.

Chumba kiwe miraba 6 kwa 6, yaani sentimita 15 kamili, ndiyo maana ya nafasi tunayoiomba. Kila upande wenye mlango, mlango ukae kwenye mraba wa 3 na wa 4, katikati kabisa, upana wa sentimita 5. Korido nayo iwe na upana huo huo wa miraba 2 na urefu wa 6. Siri yote ya vigae imo humu. Mlango ukikaa mraba wa 2 na wa 3, utaonekana sawa ukiwa umekishika kigae mkononi; ukikizungusha ili kikabiliane na mwenzake, upande wa pili unausoma kama wa 4 na wa 5, na milango inakutana na ukuta. Katikati haibadiliki hata ukizungusha vipi. Wachoraji wengi wa nje hutumia vigae vya miraba 10 vyenye milango miwili kila upande, kwenye mraba wa 3 na wa 8. Ni kanuni ile ile, kwani wa 8 ni wa 3 ukihesabu kutoka ncha nyingine. Mfumo wao ni mzuri, ila miraba 10 ni milimita 250 na A4 ina upana wa 210.

Wapo wanaopenda korido ya mraba mmoja kwa kuwa inabana karatasi. Hatuishauri. Mhusika mmoja akisimama ndani ya korido hiyo ameiziba, walio nyuma yake wanakaa kutazama, na pambano linageuka foleni. Miraba 2 huwaruhusu wawili kusimama bega kwa bega na wa tatu kupenya.

Faida nyingine ya vipimo hivi ni kwamba kila urefu, wa chumba na wa korido, hugawanyika kwa 2, na mlango huanza miraba 2 kutoka pembeni. Njia ikizunguka na kurudi ilikoanzia, inafika mahali pake bila kuacha ufa. Jaribu hivi: tandaza vyumba vinne kwenye pembe, viunganishwe na korido nne. Kila upande unakuwa miraba 18, sentimita 45. Katikati panaingia chumba cha tano, na kati ya kila mlango wake na korido iliyo karibu panabaki miraba 2 kamili. Kipande cha sentimita 5 kwa 5 kinakaa hapo bila kulazimishwa, na msimulizi amepata chumba cha siri ambacho wachezaji wamekizunguka pande zote bila kujua.

Hesabu ya aina za vyumba ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Ukiacha kuhesabu mizunguko, chumba chenye pande nne kina aina tano tu za milango: mmoja, miwili inayotazamana, miwili iliyo jirani, mitatu, na minne. Seti ya vyumba sita inayotosha jioni moja iwe na kimoja cha milango minne, viwili vya mitatu, kimoja cha kupita moja kwa moja, kimoja cha kona na kimoja kisichotokea popote. Mlango usiotakiwa huzibwa kwa kipande cha ukuta cha milimita 50 kwa 12 kinachowekwa juu yake; kata kumi, vinapotea sana.

Nafasi ile ile ya sentimita 15 kwenye gazeti inabeba kila kitu. Wiki moja ni chumba. Wiki nyingine ni korido tatu zilizolala pamoja, kwani tatu za sentimita 5 ni 15. Wiki nyingine ni vipande tisa vya sentimita 5 kwa 5: kona nne, njia tatu zinazokutana vipande vitatu, na njia panda mbili. Msanifu wa ukurasa hahitaji kubadilisha fremu hata mara moja.

Kwa wanaochapa wenyewe kwenye A4 kuna mpango bora zaidi. Karatasi hiyo ni milimita 210 kwa 297. Ondoa 5 kila upande, ambazo printa nyingi hazifiki, unabaki na upana wa 200, miraba 8 kamili. Chukua urefu wa 250, miraba 10. Ndani ya miraba hiyo 80 panaingia chumba kimoja, korido tatu na vipande viwili vya kona, na hakuna mraba unaotupwa. Chumba kikae juu kushoto. Korido mbili zilale chini yake. Korido ya tatu isimame kulia kwa chumba, na vipande viwili vidogo chini yake. Mpangilio huu si wa urembo. Kila mkato unatoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo hata gilotini ya mchapaji, mashine ya kukatia karatasi, inaweza kuufanya: punguza kingo nne, kata wima kwenye 150, kisha kipande kipana ukate kwenye 150 na 200, na chembamba ukate kwenye 150 na 200 vilevile. Sehemu inayobaki chini ya karatasi iwekwe mstari wa kupimia wa milimita 100.

Mstari huo usidharauliwe. Kosa la kwanza la kila seti hutokea kwenye duka la fotokopi: mashine inaambiwa iufinye ukurasa uenee kwenye karatasi, nayo inatii. Chagua asilimia 100 kila mara. Faili nyingi za Marekani zimepangwa kwa karatasi yao ya upana wa milimita 216; zikifinywa ziingie kwenye A4, miraba 10 ya inchi inapungua karibu milimita 7. Chapa ukurasa mmoja kwanza, weka rula juu ya mstari wa kupimia, na kama haukusoma 100 usiendelee na zilizobaki. Fotokopi pia si ya kuaminiwa bila kupimwa, hasa ikinakiliwa kutoka kwenye nakala nyingine.

Kwa upande wenu, Mhariri, hatari ni nyingine. Msanifu wa ukurasa akipata tangazo dakika za mwisho, kishawishi cha kwanza ni kupunguza kigae hadi sentimita 14 ili kila kitu kiingie. Ni afadhali kigae kisitoke wiki hiyo. Pili, nyuma ya kigae pasichapwe kigae kingine wala kitu ambacho msomaji atataka kukihifadhi. Tatu, karatasi ya gazeti ni nyepesi na wino wake hutoka kwa kidole, kwa hiyo mwamba unaozunguka chumba usijazwe weusi mtupu. Uchorwe kwa mistari ya mshazari. Weusi mtupu huchafua mikono, hupenya upande wa pili, na kwenye fotokopi humaliza wino na kutoka na madoa. Nne, mistari ya miraba iwe nyeusi ya nukta nukta, unene wa kama milimita 0.3. Mkichapa kwa rangi ya kijivu hafifu itakatikakatika, na mkiichanganya kwa rangi nne, sahani za rangi zikihama kidogo mstari mmoja unakuwa miwili. Kuta ziwe nene, milimita 1.5, na zichorwe milimita 2 ndani ya ukingo, kwani ukuta uliochorwa juu ya mstari wa kukatia hukatwa nusu. Kwenye ukingo wenyewe msiweke mstari wa mraba. Vigae viwili vikikutana, mstari huo huonekana maradufu. Pawe na alama fupi nne tu nje ya pembe za kuonyesha pa kukatia.

Karatasi peke yake haichezeki. Inajikunja, na mtu akipita karibu upepo unaibeba. Ya kuanzia ni kadi ya manila, ambayo mkasi unaimudu na mtoto anaweza kuikata bila wembe. Ya kudumu ni kadibodi ngumu ya kijivu wanayotumia wafunga vitabu kwa majalada, unene wa milimita 1.5 hadi 2. Hapa Kampala mahali pa kuiulizia ni Nasser Road, kwa wachapaji na wafunga vitabu. Uliza mabaki, kipande kikubwa kuliko vyote unachohitaji ni cha sentimita 15, na korido inatoka kwenye ukanda ambao wao wangeutupa. Kadibodi ya maboksi ya bidhaa ni ya bure, lakini mawimbi yake ya ndani hupondeka unapokata, na kigae hujikunja kufuata mawimbi hayo. Kama ndiyo iliyopo, gundisha tabaka mbili, mawimbi ya moja yakikatiza ya nyingine. Itanyooka, ila itakuwa nene kiasi kwamba vinyago vya wahusika vilivyosimama pembeni vitaanguka.

Kupinda ndilo lalamiko tunalolisikia kuliko yote, na sababu yake ni maji ya gundi. Karatasi ikilowa hutanuka. Ikikauka juu ya kadibodi hujivuta, na kadibodi inaufuata upande ulio na karatasi. Dawa yake ni kugundisha karatasi pande zote mbili kwa kikao kimoja, ili mivuto ikabiliane. Unachapa upande mmoja chumba cha mawe na mwingine msitu, na seti imekuwa mbili. Gundi iwe nyeupe ya mbao, bila kuongezwa maji, itandazwe nyembamba kwa ukingo wa kadi. Bandika kuanzia katikati ukisukuma hewa kwenda nje, funika kwa karatasi ya plastiki, na uviweke chini ya vitabu vizito kwa saa 24. Angalia pia mwelekeo wa nyuzi: kadibodi na karatasi zote hukubali kupinda kirahisi upande mmoja kuliko mwingine. Zilaze nyuzi za tabaka zote upande mmoja. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei vigae vilivyopuuza jambo hili hujionyesha vyenyewe. Gundi ya unga wa ngano au wa muhogo hushika vizuri na haigharimu kitu, lakini mende huifuata hadi kabatini, na ikikawia kukauka huota ukungu.

Gundisha kwanza, kata baadaye. Ukikata kwanza, karatasi na kadibodi hazitalingana kamwe. Tumia rula ya chuma na wembe mpya, upitishe mara nne au tano kwa mkono mwepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Wembe usimame wima. Ukilala kidogo, upande wa chini wa kigae unabaki mpana kuliko wa juu, na vigae viwili vinagusana chini huku juu kuna ufa. Kosa la nusu milimita kwa kigae linavumilika. Likijirudia upande ule ule kwenye vigae 12 vilivyopangwa mstari, mwisho wake umepotoka milimita 6, robo ya mraba. Gilotini huondoa tatizo hilo kwa sehemu kubwa, lakini usiruhusu rundo lizidi kama sentimita 2: kisu huvuta karatasi za juu, na vigae vya juu na vya chini hutoka vikiwa na vipimo tofauti. Watoto wakate manila kwa mkasi. Wembe na kadibodi ngumu ni kazi ya mtu mzima.

Laminesheni ya moto iachwe. Mashine za kawaida hazipitishi kadibodi ya milimita 2, na ukifunika karatasi kabla ya kuigundisha, gundi ya mbao haishiki plastiki. Tena inang'aa: chini ya taa moja ya juu, nusu ya meza haisomeki. Plastiki yenye gundi ya kufunikia vitabu vya shule, ikibandikwa baada ya yote, inatosha kuzuia soda iliyomwagika.

Hatupendekezi kingo za meno zinazoshikana kama fumbo la picha, ingawa kila anayeanza huzitamani. Kwa mkono hazikatiki sawa, na ili kigae kizunguke kwa uhuru meno yenyewe lazima yalingane pande zote nne. Tandika blanketi kuukuu mezani. Vigae havitelezi juu yake. Vigae vya mashine ya kuchapa vitu vya plastiki (3D) ni vizuri sana, lakini kimoja huchukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati mara nyingi kazi nzima huharibika. Pembesita nazo zinafaa kwa safari za nyikani, ila kukata pande sita kwa nyuzi 60 sawasawa ni kazi ya mashine.

Jambo moja la kuwaepusha wasomaji: vizibo vya soda, ambavyo sote tunachezea drafti, haviingii kwenye mraba wa milimita 25. Vina upana wa karibu sentimita 3, na viwili vikikaa jirani vinasukumana. Washa za chuma za M10, vile visahani vyenye tundu vinavyowekwa chini ya nati, zinazouzwa madukani kwa mafundi zina kipenyo cha kama milimita 20, ni nzito, na picha ya mhusika inabandikwa juu yake. Asiye na dadu ya pande 20 inayotumika kwenye mchezo huu aandike namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, avitie kikombeni, na kila kilichochomolewa kirudishwe kabla ya kuchomoa tena. Visiporudishwa, bahati ya anayefuata imeshabadilika.

Kuhusu picha tutasema machache, kwa kuwa wachoraji mnao. Mahandaki ya Bigo bya Mugenyi kando ya mto Katonga, yanayozidi kilomita 10 kwa urefu na mengine yamechimbwa hadi mita 4 kwenda chini, yanafaa vigae kuliko magofu ya Ulaya yanayojaa kwenye seti za kuagiza: handaki la miraba 2 ni korido tayari. Kinamasi cha mafunjo kinafaa pia. Njia kavu ipite mraba wa 3 na wa 4, kwingine kote mhusika atembee nusu ya mwendo. Nyumba ya msonge inaingia kwenye kigae cha miraba 6 ikiwa mtakubaliana kwamba miraba minne ya pembe haitumiki. Inabaki 32, sawa na mashimo ya ubao wa omweso, bao la Kiganda. Ila Makaburi ya Kasubi yasiguswe. Nyumba yake kuu ina kipenyo cha nje cha mita 31, kwa kipimo chetu zaidi kidogo ya miraba 20, na mchoraji yeyote angependa kuijaribu. Ni mahali pa ibada na maziko ya wafalme wa Buganda, na wahusika wa michezo hii kazi yao mara nyingi ni kuvunja milango na kubeba walichokikuta.

Mkikubali, wiki ya kwanza itoke chumba cha milango minne, chochote kitakachofuata kipate pa kushikia. Wiki ya pili korido tatu, ya tatu chumba cha milango mitatu, ya nne vipande tisa vidogo pamoja na aya moja ya kanuni. Chini ya kila kigae muweke ule mstari wa milimita 100, na neno moja kwa duka la fotokopi: asilimia 100.

Wenu,
Waandaaji wa michezo ya mezani,
Kampala, Uganda